Chumba cha Nyuma

Izigo, 8 Aprili 2024

Mpendwa dada Jesca,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama, hata padre kwenye kitubio, kwa sababu sijui kama ni dhambi. Huwa naongea na uyoga. Kila asubuhi nikiingia kunyunyizia maji nafunga mlango, nausalimia, nauambia habari za nyumbani, na ukiniandikia nausomea barua zako kwa sauti. Unanijua nilivyo mbele ya watu, maneno yanakwama kooni. Mle ndani hayakwami. Naongea mpaka nashangaa kwamba ni mimi.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu simu ya mama sasa haisikiki ila kwa spika kubwa. Ukiongea, nyumba nzima inasikia, na hili sitaki Gozbert alisikie. Mujuni anapita kila wiki kununua ndizi za kupeleka visiwani, ndiye atakayekuletea.

Ulipoondoka kuolewa tulikuwa na mifuko michache tu chini ya kitanda cha mama. Sasa tumejaza chumba cha nyuma cha marehemu baba. Tunakusanya majani makavu ya migomba, tunayakatakata, tunayapika kwa mvuke kwenye pipa, yakipoa tunayashindilia kwenye mifuko pamoja na mbegu. Kisha mifuko inakaa gizani mpaka inakuwa myeupe ndani kama imemwagiwa maziwa. Ukiitoboa, uyoga unachungulia. Ma Paskazia jirani yetu yumo pamoja nasi. Siku ya soko yeye na mama wanakwenda Muleba na beseni zimejaa na wanarudi wanacheka. Mimi matokeo yangu ya kidato cha nne unayajua. Watu wananihurumia, na sijui niwaambieje kwamba kazi hii naipenda.

Tatizo ni hili. Gozbert anaoa tarehe 27, binti anaitwa Klaudia, kwao ni karibu na Rubya. Kwa ukoo wetu, kama unavyokumbuka, bibi harusi hukaa ndani mwezi mzima, hagusi kazi, hapigwi na jua, mpaka siku anapotolewa nje mbele ya wazee. Jana tukinywa chai Gozbert alimwambia mama, "Siku mke wangu akitolewa nje, kile chumba cha nyuma nakitaka. Nitaweka kitanda cha wageni. Uyoga wenu mtautafutia pengine."

Mama akasema, "Sawa, mwanangu."

Pengine ni wapi, dada? Jikoni kuna moshi. Nyumba ya Ma Paskazia ni ya shemeji yake, naye hataki hata kuku waingie. Baba alipofariki wazee walimpa Gozbert nyumba na kibanja. Migomba ni yake, kahawa ni yake. Uyoga ndicho kitu pekee ambacho mama amekiotesha bila kumwomba mtu udongo.

Niambie nifanye nini.

Mdogo wako,
Yuster


Kisiwa cha Bumbire, 15 Aprili 2024

Yuster wangu,

Nimecheka mpaka shemeji yako Twaibu akaacha kupima samaki na kuja kuuliza kama nimepagawa. Sikumwambia. Lakini wewe nakuambia: uyoga hauna masikio, Gozbert anayo mawili, tena makubwa. Nenda kwake, fungua mdomo, sema, "Kaka, tuachie chumba." Maneno matatu! Na uende sasa kabla ya harusi. Mwanaume anayekaribia kuoa husema ndiyo kwa kila kitu ili watu waondoke mbele yake.

Usimngoje huyo bibi harusi. Watu wa kwao nawasikia, wanajivuna. Binti wa nyumba ile hawezi kukubali kulala ukuta mmoja na mifuko ya majani yaliyooza. Akishatolewa nje, atasema yeye mwenyewe kwamba itolewe.

Harusini sitakuja. Wakiuliza, sema dagaa ni nyingi mwezi huu na Twaibu hawezi kubaki peke yake. Aliyoyasema Gozbert siku nilipoamua kuolewa na mvuvi wa dini nyingine sijayasahau, na nadhani naye hajayasahau.

Nampa Mujuni dagaa wa mama. Wewe usiwape uyoga.

Dada yako,
Jesca


Izigo, 9 Mei 2024

Dada Jesca,

Sikumwambia. Nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anapaka ukuta chokaa. Nikamwendea, akaniuliza, "Unataka nini?" nikajibu, "Nimekuletea maji ya kunywa." Sikuwa na maji, ikabidi niende kuyachota. Mara ya pili alikuwa na marafiki zake, nikapitiliza mpaka kwenye migomba, nikakaa huko.

Harusi ilipendeza ingawa mvua haikutuhurumia. Watu waliuliza uko wapi. Nikasema dagaa ni nyingi. Gozbert alikuwa karibu, alinisikia, akaanza kufunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba.

Sasa sikiliza lililotokea. Shangazi Rozi alikuja kutoka Maruku siku mbili kabla. Mama na Ma Paskazia walikuwa wamekwenda Muleba kununua mchele. Unajua shangazi na majani ya kutandika sakafuni. Alikwenda na wanawake wenzake wakakata majani mazuri, mabichi, yanachuruzika maji ya mvua. Wakatandika sebuleni, wakatandika chumba cha maharusi, kisha nikamwona anafungua chumba cha nyuma.

"Na humu je? Sakafu tupu siku ya harusi! Mgeni akichungulia atasema tumepokea bibi harusi kwenye banda la mbuzi."

Akatandika chini ya mifuko yote, pembe hadi pembe. Halafu akalivuta gunia lililoziba dirisha. "Giza hili ni la nini? Mnamficha nani?"

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo. Nilitaka kusema, shangazi, majani mabichi yanaleta nzi na ukungu, tafadhali toka. Nikasema, "Karibu, shangazi."

Mama aliporudi alishika kichwa, lakini shangazi alikwisha kutuonya: majani ya bibi harusi hayafagiliwi na mtu wa nyumba mpaka atolewe nje. Ukiyafagia ni kama umemfukuza yeye. Mama hakuthubutu. Gunia la dirishani nalo shangazi alilitumia kufungia ndizi za wageni. Mama alining'iniza kanga, upepo unaipepea tu. Basi tumebaki tunatazama. Majani yameanza kuchacha. Nzi wadogo wamejaa kama moshi, na mifuko kadhaa imeshikwa na ukungu wa kijani. Ma Paskazia alilia. Gozbert alichungulia akasema, "Si mnaona? Hata uyoga wenyewe hautaki kukaa humu."

Klaudia sijamzoea. Nikimpelekea chakula naweka sahani naondoka. Dada, nimemsema vibaya mbele ya uyoga. Nimesema ameingia na mguu mbaya. Nimesema yeye anakula samaki na kulala, na sisi tunapoteza kila kitu kwa ajili ya majani yake. Nimesema natamani asingekuja.

Na kuna ajabu moja. Jumapili tuliporudi kutoka misa nilikuta mifuko mitatu ya ukungu imefungwa vizuri ndani ya kiroba na kuwekwa karibu na mlango, tayari kutolewa. Nilimuuliza mama, anasema si yeye. Ma Paskazia naye tulikuwa wote kanisani.

Sijui tena.

Yuster


Izigo, 12 Mei 2024

Wifi Jesca,

Hunijui. Mimi ni Klaudia, mke wa kaka yako. Mujuni ameleta samaki wa bibi harusi, nami nimemwomba aifiche barua hii kwenye kofia yake.

Nyumba hii haina dari. Ukuta kati ya chumba changu na chumba cha uyoga unaishia juu kidogo ya kichwa cha mtu, na mimi hapa sina kazi ila kukaa. Kwa hiyo namsikia Yuster kila asubuhi. Namsikia kila neno. Barua zako pia nimezisikia, maana hata za zamani huzirudia. Kuhusu kwamba kwetu tunajivuna, ni kweli kidogo, hasa baba.

Siku ya kwanza nilidhani kuna mtu amejificha naye mle ndani, nikaona aibu kusikiliza. Siku ya pili nilielewa. Tangu hapo nauelewa uyoga kuliko ninavyomwelewa mume wangu. Najua mfuko wenye kijani haupigwi wala hautikiswi, vumbi lake likiruka linaambukiza mingine. Najua lazima ufungwe ndani ya mfuko mwingine polepole. Najua chumba hicho ni kitu gani kwa mama mkwe. Gozbert alikuwa ameniambia tu kwamba kuna chumba cha akiba.

Kati ya vyumba hivi viwili kuna mlango wa ndani. Jumapili iliyopita, watu wote wakiwa misani, nilipita. Nilifunga mifuko mitatu, nikarudi kitandani. Leo nimekwenda tena. Nilijiuliza: majani yale yametandikwa kwa ajili ya nani? Kwa ajili yangu. Kama mtu wa nyumba akiyafagia ananifukuza mimi, je, nikiyazoa mwenyewe nimemfukuza nani? Nimeyazoa yote. Dirisha nimeliziba kwa kitu nilichokuwa nacho, usiniulize ni kitu gani.

Wifi, nimefanya kazi kabla ya kutolewa nje. Wazee wa hapa wakijua, mama mkwe ataona aibu kwa ajili yangu, na kwetu watasema sikufundwa. Lakini ningewezaje kulala nikisikia mtoto wa watu analia upande wa pili?

Nataka kuzungumza naye. Akiniletea chakula anaweka sahani na kukimbia kana kwamba nina fimbo. Niambie namna ya kumpata. Ila usimwambie kwamba nasikia. Akijua ataacha kuongea, na mimi kutwa nzima sina sauti nyingine ya kusikiliza.

Wifi yako,
Klaudia

Siku ya harusi, kwenye meza ya ndugu, Gozbert alizuia kiti kimoja kisikaliwe. Sikumuuliza ni cha nani.


Bumbire, 18 Mei 2024

Yuster,

Leo sichezi. Nisikilize na usiniulize nimejuaje.

Kwanza, acha kumsema wifi yako, hata mbele ya uyoga. Niliyoandika kuhusu watu wa kwao yafute. Sijawahi kukaa nao hata siku moja. Nilisikia sokoni, na sokoni hapa hata mimi nasemwa kwamba nimelogwa.

Pili, ukimpelekea chakula, kaa. Usisimame mlangoni na mguu mmoja nje. Kaa chini. Kama maneno hayaji, mfanye yeye ni mfuko wa uyoga. Fumba macho ukitaka. Mwambie lile ambalo ungeuambia mfuko.

Huyo ni mtu aliyefungiwa ndani peke yake kwenye nyumba ambamo hakuzaliwa, mdogo wangu. Mimi nilipofika hapa kisiwani, wiki ya kwanza hakuna mwanamke aliyekaa nami hata wakati wa kupika uji. Nilikuwa nazungumza na sufuria. Sijawahi kumwambia mtu hilo, sasa tuko sawa.

Kaa chini. Uniandikie.

Jesca


Izigo, 3 Juni 2024

Mpendwa dada Jesca,

Nimekaa chini.

Nilimpelekea ndizi na maharage, nikaketi kwenye mkeka, nikafumba macho kama ulivyosema. Nikasema, "Leo mifuko imeanza kutoa vichwa." Nilifikiri atauliza vichwa vya nini. Akauliza, "Ya karibu na dirisha, au ile ya upande wa mlango uliyosema ni mivivu?"

Nikafumbua macho. Dada, nilitamani sakafu inimeze. Nilikumbuka yote niliyowahi kuyasema mle ndani, moja baada ya jingine. Klaudia alinitazama, akaona nimeelewa. Akanyoosha mguu wake mpaka mbele yangu.

"Huu hapa mguu mbaya. Ukague vizuri, labda ni wa kushoto tu."

Nikalia, kisha nikacheka, kisha yeye akalia. Mama akaita kutoka nje, "Kuna nini humo?" Klaudia akajibu, "Pilipili, mama!" Hakukuwa na pilipili kwenye maharage yale.

Akaniambia kila kitu. Ndiye aliyefunga mifuko. Ndiye aliyeyazoa majani. Mimi nilikuwa nimedhani ni shangazi amejuta na kumtuma mtu. Kisha akanipitisha kwenye mlango wa ndani, akanionyesha dirisha. Kulikuwa na kitambaa cheupe chepesi, kimebanwa kwa misumari pembe zote, na juu yake ameweka kitenge cha kuzuia mwanga. Nilikuwa nimekiona kwa wiki nzima nikadhani mama amepata chandarua. Ni veli yake ya harusi, dada. Ile aliyofunika uso kanisani. "Nzi hawawezi kupita," alisema, "na hewa inapita. Ukiivaa ndipo unajua."

Tangu siku hiyo, mama akiwa kibanjani, tunafanya kazi pamoja. Mimi nanyunyizia, yeye anakata. Kazi nyingine zote zingemtoa nje kwenye jua au kumchafua udongo, na watu wangejua. Hii inafanyika gizani, na mikono inabaki laini. Tuliuomboleza kila mfuko tulioutoa, lakini iliyobaki imetoa uyoga hadi mama akaazima beseni. Anaamini ni novena yake, zile sala za siku tisa. Sijamkatalia, huenda nayo imesaidia.

Lakini Gozbert hakubadili neno. Alikwisha kununua kitanda. Klaudia akasema, "Nikimwomba chumbani, atasema tutaona. Nitamwomba mahali ambapo hawezi kusema tutaona."

Juzi Jumamosi ndiyo alitolewa nje. Wazee wa ukoo walikaa uani, wanawake upande wa pili, shangazi Rozi mbele kabisa. Klaudia alitoka amefunikwa kitenge, akapewa jembe jipya, akagusa ardhi nalo mara moja. Ndipo Ta Kahangwa, kaka mkubwa wa baba, akauliza kama inavyoulizwa, "Binti yetu, umeingia nyumba hii. Unataka mumeo akupe nini mbele yetu?"

Wote tulijua jibu la kawaida. Mbuzi. Au mstari wa migomba.

Klaudia akasema kwa sauti ndogo, "Naomba chumba cha nyuma."

Gozbert akafurahi kweli. "Hicho kitakuwa tayari wiki hii! Na kitanda nimekwisha nunua!"

"Asante," Klaudia akasema. "Kitanda peleka popote. Chumba nakitaka na uyoga uliomo, na mama yetu aendelee kuuotesha humo, na Ma Paskazia pia."

Gozbert alimtazama mama, mama alitazama chini. Kaka akasema, "Sasa wageni watalala wapi?"

Ta Kahangwa akapiga goti lake. "Kwangu! Vitanda vinne vinalaliwa na panya tangu watoto wahamie mjini. Kijana, umeulizwa mbele ya watu. Unatoa au hutoi?"

"Natoa," Gozbert akasema. Alikuna sikio lake. Kisha akauliza, siyo kwa ubaya, "Lakini nani atauangalia? Mama anachoka, na mke wangu hajui lolote kuhusu uyoga."

Klaudia aliinamisha kichwa kama bibi harusi anavyotakiwa, nikaona kwamba hatajibu, kwamba ameniachia mimi. Watu wote wale, dada. Nilitafuta mfuko wa kuutazama, haukuwepo. Nikatazama jembe.

"Mimi," nikasema. Nadhani nilisema kwa nguvu sana kwa sababu kuku waliruka. "Mimi nitauangalia, kaka. Nimeuangalia siku zote."

"Kumbe una sauti," Gozbert akasema. Watu wakacheka, naye akacheka. Jioni alikuja chumba cha nyuma kwa mara ya kwanza bila kuchungulia tu. Alisimama kati ya mifuko, akagusa uyoga mmoja kwa kidole, kisha akaniuliza, bila kunitazama, kama dagaa huko kwenu bado ni nyingi mno, au mwezi ujao mtu anaweza kupata nafasi ya kuja nyumbani. Nikamwambia nitauliza. Basi nauliza.

Nimebakiza jambo moja. Kabla ya watu kutawanyika, shangazi Rozi aliishika mikono ya Klaudia, akaiinua wanawake wote waione. "Tazameni! Mwezi mzima, mkono haujagusa kazi. Huyu amefundwa." Ma Paskazia, ambaye pua yake inaujua uyoga kuliko sote, alikuwa karibu kabisa. Aliivuta hewa. Akamtazama Klaudia, akanitazama mimi. Kisha akapiga vigelegele vya nguvu mpaka wengine wakamfuata.

Shangazi akaulizia veli, anataka kuikunja mwenyewe kabla hajarudi Maruku. Klaudia akamwambia, "Ipo ndani, shangazi. Naitunza vizuri."

Ndiyo maana nakuomba, dada, barua hii usimsomee Twaibu, wala Mujuni asijue kilichomo, na ukija nyumbani usiulize chandarua kile tumekinunua wapi. Mama hajui, Gozbert hajui. Tunajua mimi, Klaudia, pua ya Ma Paskazia, na sasa wewe. Tafadhali usimwambie mtu.

Mdogo wako,
Yuster